Baada ya "Hapana": Maadui Wanaogeuka Wapenzi katika Riwaya ya Kiingereza

Ziko riwaya ambazo msomaji anajua mwisho wake tangu sura ya tatu na bado haziweki chini. Mwanamume na mwanamke wanakutana, wanachukiana, wanarushiana maneno makali kurasa mia mbili, halafu wanaoana. Baadhi ya wenzetu huzitupa riwaya hizi kwenye kapu la fasihi pendwa bila hata kuzifungua. Tunadhani hukumu hiyo ni ya haraka mno. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwa nini msuko huu unavuta, na ni wapi unapotea njia. Mifano yetu ni Pamela ya Samuel Richardson (1740), Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813) na North and South ya Elizabeth Gaskell (1855). Mwishoni tutagusa riwaya moja ya karne hii.

Mvuto wa kwanza ni taharuki, lakini si ile ya riwaya ya upelelezi. Hatuulizi kama watapendana, hilo tunalijua. Tunauliza itawezekanaje. Austen analielewa jambo hili barabara. Katika sura ya 3 Darcy anamdharau Elizabeth kwenye dansi, tena mwenyewe anasikia. Anamposa katika sura ya 34 na kukataliwa. Anakubaliwa katika sura ya 58, na riwaya nzima ina sura 61. Kati ya posa hizo mbili kuna barua ya Darcy, kuna ziara ya Pemberley, kuna kashfa ya Lydia kutoroka na Wickham. Kila tukio linamlazimisha Elizabeth amsome upya mtu aliyedhani amekwisha kummaliza. Nasi wasomaji tumo humo humo, maana Wickham na maneno yake matamu ametuteka pia. Hapo subira inavuta heri kweli, kwa sababu muda unatumika kukusanya ushahidi. Muda usiotumika hivyo ni ngoja ngoja tu, nayo huumiza matumbo.

Mvuto wa pili ni kwamba uadui humpa mwanamke nafasi ya kusema. Msichana anayependwa mara moja hana kazi ila kusifiwa uzuri wake. Anayegombana lazima ajenge hoja. Elizabeth hana mali. Hata nyumba ya baba yake kisheria itamwendea binamu, Bwana Collins. Alichonacho ni akili na ulimi. Margaret Hale, katika riwaya ya Gaskell, anabishana na John Thornton, tajiri mwenye kiwanda cha pamba, kuhusu wajibu wa mwajiri kwa wafanyakazi wake. Ugomvi wao si mbwembwe za mapenzi. Ni ugomvi wa kitabaka, wenye mgomo na njaa nyuma yake.

Sasa tuje kwenye hatari. Pamela ni mtumishi wa ndani mwenye umri wa miaka 15. Bibi yake anafariki, na mtoto wa kiume wa bibi huyo, Bwana B., anaanza kumwandama. Msichana anakataa. Bwana anamteka, anamfungia katika nyumba yake nyingine huko Lincolnshire chini ya ulinzi wa Bi. Jewkes, na anazisoma barua zake. Mwishowe barua hizo zinamlainisha moyo, anamwoa, na riwaya inatutaka tushangilie kwamba wema umelipwa. Jamani, umelipwa na nani? Na yule yule aliyemfunga. Henry Fielding aliidhihaki riwaya hii mwaka 1741 katika Shamela, lakini kejeli yake ilimlenga zaidi msichana, ati ni mjanja wa kutega waume. Swali la mwanamume na funguo zake likabaki pale pale.

Kwa maoni yetu, kipimo cha riwaya za aina hii ni kimoja: mwanamume anafanya nini baada ya kuambiwa "hapana"? Bwana B. anafunga mlango. Darcy anaandika barua moja ya kujieleza, anaikabidhi, anaondoka. Baadaye analipa madeni ya Wickham ili Lydia aolewe, na anaomba jambo hilo liwe siri. Thornton naye anakataliwa. Kisha anamwona Margaret usiku, karibu na stesheni ya reli, akiwa na kijana asiyemfahamu. Hajui kwamba ni kaka yake. Wivu unamla, lakini anatumia nafasi yake ya hakimu kuzuia uchunguzi ambao ungemwaibisha binti huyo. Hamdai shukrani wala hamfuatifuati. Hapo ndipo tunaposadiki kwamba mtu amebadilika.

Hata hivyo Austen ana udhaifu wake. Wema wa Darcy unategemea paundi 10,000 kwa mwaka, maskini angejirekebishaje? Gaskell anakwenda mbele zaidi: Thornton anafilisika, Margaret anarithi, na ni yeye anayetoa paundi zaidi ya 18,000 kukiokoa kiwanda. Lakini Gaskell amepungukiwa kwenye fani. Riwaya ilitoka kwanza kwa mfululizo katika jarida la Charles Dickens, Household Words, mwaka 1854 hadi 1855, na nafasi ikambana. Ingawa aliipanua ilipotoka kama kitabu, maelewano tuliyoyangoja sura hamsini na ushei yanakwisha katika kurasa chache.

The Hating Game ya Sally Thorne (2016) ina kasoro ya namna nyingine. Lucy na Joshua wanakaa ofisi moja, wanakomoana kila siku, wanagombea cheo kimoja. Mazungumzo yanachekesha kwelikweli. Lakini kumbe Joshua alimpenda tangu siku ya kwanza! Basi uadui haukuwapo, na kama haukuwapo, nani amebadilika? Mbaya zaidi, msomaji anafundishwa kurudi nyuma na kuuhesabu kila ukali kuwa ni mapenzi yaliyojificha.

Fundisho hilo halibaki kitabuni. Kaa kwenye vimbweta utalisikia: anayekusumbua ndiye anayekupenda, mwache akuzoee. Msichana anayesumbuliwa anaambiwa angoje sura ya 58. Ndiyo maana hatuwezi kuziacha riwaya hizi bila uhakiki, wala kuzikataa zote kwa pamoja. Elizabeth hakungoja chochote. Alikataa, akamaanisha, na kukataa kwake kukaheshimiwa. Penzi lilikuja baadaye, likiwa na sababu zake. Mwandishi anayetaka kutuandikia maadui wapendanao kwa Kiswahili aanzie hapo.