Hongera Wakutubi wa Ngamia

Tangu 1996, Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya imekuwa ikiwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, maana kule gari hukwama mchangani. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Mikeka ikishatandikwa, ndipo utamu unapoanza: watoto wanainamia kitabu kimoja cha hisabati, huyu anakokotoa kwa kidole ardhini, yule anafuta na kubisha. Hakuna mtihani wala kengele. Wanabishana kwa sababu wanataka kujua, na huo ndio usomi wenyewe! Hongereni sana wakutubi, pamoja nanyi wachungaji mnaoongoza ngamia juani. Serikali iwaongezee ngamia na, hasa, vitabu vipya vya sayansi.