Wanaoiokoa Figo

Saratani ya figo kwa kijana wa miaka 35 mara nyingi haiumi. Hugunduliwa pale mpimaji wa ultrasaundi, aliyetumwa kutazama mawe ya nyongo tu, anaposogeza kifaa hadi kwenye figo na kusita juu ya uvimbe wa sentimita 3. Kisha daktari wa upasuaji hubana mshipa wa damu, hukata uvimbe, hushona figo iliyobaki na kuachia damu, akijitahidi asivuke dakika 30 hivi, figo isije ikadhurika. Wapo wasemao kuitoa yote ni rahisi, na moja yatosha. Ni kweli, figo ikiokolewa damu humwagika zaidi kidogo kuliko ikitolewa yote. Lakini kijana ana miongo mbele yake. Shinikizo la damu na kisukari huweza kuingia, na uvimbe wa kurithi huweza kuzuka upande wa pili. Nyama ile iliyoshonwa ndiyo akiba yake.