Pete Zinazopima Damu

Mama wa mtaa wa Obunga anayekaanga mgongo wazi huchukua mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya kiwanda kukata minofu, akaiparua magamba, akaianika juani, kisha akaitumbukiza kwenye karai la mafuta. Ufundi huo unaonekana na kila mpita njia. Upo mwingine, ndani ya kifua chake, unaoanza anapojitwika beseni kwenda kuuza mtaa wa Kondele.

Akiwa ameketi, moyo wake hujitengea kama robo lita ya damu kwa dakika. Damu hiyo hupita kwanza katika ateri zenye upana wa milimita 3 au 4, ambazo kwa kweli ni barabara tu. Upimaji hufanyika mbele, katika vishipa vyembamba kuliko milimita 0.1, vilivyozungukwa na pete za misuli laini. Pete ikikaza, damu hupungua, ikilegea, huongezeka. Tena haihitaji kulegea sana: presha ikiwa ile ile, kipenyo kikipanuka kwa asilimia 19 tu, mtiririko hukaribia kuwa maradufu.

Beseni limepanda kichwani, mapigo yanakwenda mbio. Misuli ya miguu inaweza kuchota oksijeni zaidi katika damu ile ile. Moyo hauna akiba hiyo, maana hata mtu akipumzika huwa umekwisha kuchota karibu robo tatu. Lazima damu yenyewe iongezeke. Chembe za moyo zinazohangaika hutoa kemikali kadhaa, adenosini ikiwemo, na vishipa vya jirani hulegea. Damu inayoharakishwa hivyo husugua utando wa ndani wa vishipa vilivyotangulia. Utando hutoa oksidi ya nitriki, navyo hulegea. Ombi hupanda kutoka chini kwenda juu. Kwa ugunduzi kuhusu gesi hiyo, Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998; vishipa vyenyewe havijapewa kitu.

Kinachonistaajabisha zaidi ni muda. Moyo ukijikunja huvibana vishipa vyake wenyewe, kwa hiyo upande wa kushoto hulishwa hasa unapolegea. Mapigo yakiongezeka, nafasi hiyo hufupika. Hata hivyo, katika moyo wenye afya mtiririko unaweza kufika mara 4 au 5 ya ule wa mapumziko.

Kondele, mama anatua beseni. Chembe zinatoa kemikali kidogo, na damu iliyoitwa nazo ndiyo inayozisomba. Pete zinakaza polepole, kila moja kwa kiasi cha mahitaji ya kipande chake cha moyo.