Ufundi wa Kuhamisha Mashine Pepe

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na bati lake lenyewe: mfumo endeshi, diski na anwani yake ya mtandao vyote hukaa ndani ya seva kama mafaili. Wazo hilo lilizaliwa kwenye kompyuta kubwa za IBM miaka ya 1960, na leo seva moja hubeba mashine pepe nyingi.

Kwa kuwa ni mafaili, wengi hudhani kuzihamisha ni kunakili tu. Hesabu inakataa. Terabaiti 10 zikipita kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, bila kukwama hata mara moja, huchukua zaidi ya siku 9. Gari likiondoka Shinyanga alfajiri na diski zenye data hiyo, likapita Mwanza na kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, hufika Geita jua halijazama. Zamani lingesubiri kivuko, na bado lingeushinda mtandao.

Kazi yenyewe huanza kabla ya safari. Fundi huchukua nakala rudufu, kisha huirejesha mahali pengine kuona kama inafunguka. Mashine pepe huzimwa mojamoja kutoka ndani, maana data iliyo kwenye kumbukumbu huenda haijaandikwa diskini. Umeme ukikatwa ghafla, hifadhidata huweza kuharibika. Ndipo diski huchomolewa, kila moja ikibandikwa namba ya tundu lake. Ukanda huu wa migodi, tangu almasi ya Mwadui, Shinyanga, ianze kuchimbwa mwaka 1940, unajua thamani ya lebo: mwamba uliochorongwa hupangwa kwenye visanduku vyenye namba ya shimo na kina, na lebo ikipotea, kilichobaki ni jiwe tu. Diski za kundi moja nazo hugawana vipande vya data, na mara nyingi moja peke yake haisomeki.

Njiani adui ni vumbi la kiangazi na mtikisiko. Baada ya kufika, kwenye seva mpya, kadi ya mtandao huweza kupata jina jingine, na mashine pepe zikaamka bila kuuona mtandao. Fundi makini huwa ameandika mipangilio yote karatasini. Hifadhidata huwashwa kwanza, kisha mifumo inayoitegemea.

Kazi hii inastahili heshima kuliko inayopewa, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna anayeigundua. Nakala rudufu ibaki kabatini mpaka kazi za mwezi mzima, kama kulipa mishahara, zifanyike kwenye seva mpya bila kosa.