Kabla Hajalegeza Boli

Fundi wa giaboksi ninayemkubali kuliko wote huchelewa kushika spana. Wateja wapya humwona mvivu. Gari linafika Ilala, mwenyewe ameshanunua haidroliki, yaani oili ya giaboksi, lita nne na kuzipanga kiti cha nyuma, ana haraka ya kurudi kazini, halafu fundi, badala ya kuingia uvunguni, anaomba wapige mzunguko kwanza. Wakirudi anaacha injini ikiunguruma, anakanyaga breki, anashusha gia kutoka P hadi L taratibu, akitulia kidogo kila hatua na kusikiliza inavyoingia, kisha anairudisha juu. Hapo ndipo anafungua boneti.

Swali lililomleta mwenye gari ni la siku nyingi. Gari la otomatiki lililokwisha kutembea kilomita laki mbili na ushee, na hakuna ajuaye kama oili ya giaboksi yake iliwahi kubadilishwa: ibadilishwe au iachwe hivyo hivyo? Huku kwetu swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu magari yetu mengi tunayapata ukubwani. Yametumika Japani miaka yake mizuri, yakapandishwa meli, na kitabu cha matengenezo, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Kilomita za kwenye dashibodi nazo si za kuapia. Wapo watu ambao riziki yao ni kuzirudisha nyuma. Kenya inakataa kuingiza gari lililozidi miaka minane, Tanzania inalipokea na kulitoza zaidi kwa uzee wake, lakini hakuna karatasi ya forodha inayosema oili iliyo ndani ya giaboksi imepitia nini.

Jibu linalotamba vijiweni ni "usiguse". Oili kuukuu, wanasema, imejaa unga wa pleti za klachi, na unga huo ndio unaozisaidia pleti zilizochoka kushikana, ukiumwaga, umekwisha. Na ushahidi upo: jirani alibadilisha Jumamosi, Jumatatu gari likagoma kuondoka. Ushahidi ni wa kweli. Kinachosahauliwa ni kwamba jirani alikimbilia kubadilisha kwa sababu tangu mwezi uliopita gari lilikuwa linateleza, injini inapiga kelele na gari halisogei. Oili haioteshi pleti iliyokwisha kulika. Lingegoma hata kama asingeligusa, pengine Alhamisi.

Hata hivyo wabishi hao wana chembe ya haki, na fundi wangu haidharau. Oili mpya huja na viambato vya kusafisha. Ikiingia kwenye giaboksi iliyokaa miaka mingi na masizi yake, uchafu ulioganda unaweza kulegea ukaenda kuziba vijia vyembamba vinavyopeleka shinikizo kwenye klachi. Ndiyo maana hataki hata kusikia habari za ile mashine ya kusukuma oili yote kwa mpigo mmoja. Kwa gari lenye umri, anasema, haraka ndiyo inayoua.

Basi anachomoa kijiti cha kupimia. Anakifuta kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na hapo ni mkali kweli: spana boi akileta tambara la kufutia mikono anafukuzwa nalo, kwa sababu uzi mmoja ukiingia mle unaweza kwenda kukaa mahali ambapo haukutakiwa. Anakirudisha, anakichomoa tena, anasoma alama ya moto, si ya baridi. Kisha anadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya chooni na kuliacha litambae. Oili yenye uhai hutanuka, ikaacha duara la wekundu unaoangaza. Iliyozeeka hutanuka kidogo na rangi yake huwa ya kahawia. Iliyoungua hubaki pale ilipoangukia, nyeusi, na vijipunje katikati. Anaipikicha kati ya kidole gumba na cha shahada kutafuta mchanga. Mwisho anainusa, kama mpishi anavyonusa karai la mafuta yaliyokaangia chipsi wiki nzima. Ikiwa ya waridi yenye utando wa maziwa, hana haja ya kunusa: maji ya rejeta yamepenya kwenye oili, na kinachotakiwa kutengenezwa kwanza ni rejeta.

Nampendea hapo. Watu wote wanaliuliza swali hili kwa umri wa gari, yeye anaiuliza oili yenyewe. Oili hiyo ina kazi nyingi kwa wakati mmoja: inabeba shinikizo linaloingiza gia, inalainisha, inapoza, na inaziachia klachi msuguano wa kiasi maalumu, usizidi wala kupungua. Joto ndilo linaloichosha kuliko kilomita. Gari lililokuwa likienda Morogoro na kurudi barabara ikiwa wazi linaweza kuwa na kilomita nyingi na oili nzuri tu, wakati lenzake la foleni ya Ubungo, kiyoyozi kikivuma na mguu ukicheza kwenye breki, limeunguza ya kwake kabla ya nusu ya safari hizo. Mtengenezaji akiandika kwamba oili hii ni ya maisha yote, mimi hujiuliza ni maisha ya nani. Nadhani alimfikiria mnunuzi wa kwanza, na huyo hatukuwahi kumwona.

Tone likisema oili imezeeka tu, haijaungua, na gia zinaingia bila kusita, anabadilisha. Anamwaga inayotoka yenyewe kwa boli la chini, anaipima kwenye jagi, na atarudisha kiasi kilekile. Anafungua sampo na kuangalia sumaku zilizokaa ndani yake. Unga laini wa kijivu, kama uji mzito, haumtishi. Chuma lazima kilike. Akikuta vipande vinavyoshikika kwa kucha, anamwita mwenye gari aje aone kwa macho yake. Oili nyingi hubaki kwenye konveta na kwenye mabomba ya kupozea, kwa hiyo mmwago mmoja hautoi hata nusu. Tuseme unatoa asilimia 40: zimebaki 60 za zamani. Rudia baada ya wiki kadhaa, zinabaki 36. Rudia tena, karibu 22. Giaboksi inaizoea oili mpya polepole, bila kushtuliwa.

Kosa linalomtoa povu ni la dukani. Muuzaji akisema haidroliki zote ni zilezile, kwa kuwa zote ni nyekundu, anamwona kama adui wa watu. Toyota za zamani zinataka T-IV, zilizofuata zinataka WS, na giaboksi za CVT zina oili yake kabisa. Ukizichanganya, klachi zinashika kwa pupa au hazishiki. Mambo ya msuguano huu yana historia ya ajabu. General Motors ilipotoa kiwango cha oili ya otomatiki mwaka 1949, ndani yake mlikuwa na mafuta ya nyangumi, ili klachi zikamate kwa ulaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani iliyapiga marufuku, wakemia wakabaki wanahangaika kutafuta mbadala. Kumbe gari la baba zetu lilibadilisha gia kwa hisani ya samaki, na samaki mwenyewe si samaki.

Na tone likibaki jeusi pale lilipoangukia, gari nalo likiwa linateleza, anafunga boneti. Nilimsikia akimwambia mteja mmoja wa makamo, "Mzee wangu, hizo lita nne zirudishe dukani kama risiti unayo. Hela yako anza kuiweka kwa ajili ya giaboksi." Mzee alikasirika, akaondoka na gari lake akitafuta fundi mwenye huruma. Mafundi wa namna hiyo hawakosekani, tena hawako mbali.

Kinachonikera ni malipo. Akibadilisha, anachukua ufundi wake. Akikataa, baada ya mzunguko na kijiti na karatasi, anaambulia asante, na mara nyingine hata hiyo haipati, ingawa kukataa ndiko kulikohitaji ujuzi wote alionao. Nilimshauri aweke bei ya kukagua, ijulikane, ibandikwe ukutani. Alicheka.

"Kaka, nikikudai hela ya kuangalia, utaenda kwa anayeangalia bure. Halafu huyo atamwaga."

Kisha akaniomba nisogeze gari langu, maana nyuma yangu kulikuwa na Noah iliyoanza kuvuja.