Jina la Dhana au Jina la Mahali? Uhakiki wa Vichwa vya Makala katika Taaluma ya Uongozi

Wapo wanaoamini kwamba kichwa kifupi huyaongezea makala marejeleo. Letchford, Moat na Preis (2015), waliochunguza makala 140,000 yaliyochapishwa kati ya 2007 na 2013, walibaini kuwa majarida yenye vichwa vifupi hurejelewa zaidi kwa kila makala. Hata hivyo, tofauti baina ya majarida ilipozingatiwa, uhusiano huo ulidhoofika. Ufupi pekee, basi, hautoshi kuwa sababu.

Taaluma ya uongozi inadokeza maelezo mengine. Kerr na Jermier (1978) walitanguliza kichwani istilahi ya "mbadala wa uongozi". Meindl, Ehrlich na Dukerich (1985) nao walizungumzia "mahaba ya uongozi", yaani mwelekeo wa watu kumtwika kiongozi sifa au lawama za matokeo yenye visababishi vingi. Katika mifano yote miwili, kichwa ndicho kinachobeba jina la dhana. Anayeitumia dhana ni vigumu kuyakwepa makala yaliyoipa jina.

Kinyume chake ni muundo kama huu: "Nafasi ya Mwalimu Mkuu katika Ufaulu wa Wanafunzi: Uchunguzi Kifani wa Wilaya Fulani". Kichwa hiki ni cha kweli, tena kina maneno yanayotafutika. Kasoro yake ni kwamba kinataja mahali data ilipokusanywa na kunyamazia kilichogunduliwa. Mtafiti wa Kampala au Bujumbura akikiona, aweza kudhani hakimhusu, ingawa hoja iliyomo ingemfaa.

Watetezi wa muundo huo husema chema chajiuza. Methali hiyo ina ukweli sokoni, ambako mnunuzi huiona bidhaa. Katika orodha ya matokeo ya utafutaji, msomaji hukutana na kichwa kabla ya makala yenyewe. Hata hivyo, sitiari tamu isiyoandamana na istilahi ya taaluma hupotea katika utafutaji huohuo, na dhana yenye jina zuri yaweza kurejelewa na wasioisoma.

Hapa ndipo hoja ya Meindl na wenzake inapowarudia wahakiki wa vichwa. Kukipa kichwa sifa zote za makala kurejelewa, na kusahau jarida, lugha na ubora wa hoja, ni mahaba yaleyale kwa sura nyingine. Mwandishi wa Kiswahili hana haja ya kukifupisha kichwa kwa ajili ya ufupi. Anachopaswa kufanya ni kukitaja alichokigundua, kisha mahali alipokigundulia.