Heko kwa Kocha wa Kazi

Mwaka 1996, Erin Riehle, muuguzi aliyeongoza idara ya dharura katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, alikuwa na kero: kila aliyeajiriwa kujaza rafu za vifaa hakukawia kuondoka. Akaamua kuwafundisha kazi hiyo vijana wenye ulemavu wa ukuaji. Ndivyo ulivyoanza mpango wa Project SEARCH, ambao pia hupokea vijana wenye usonji. Mwaka wao wa mwisho wa shule huumalizia kazini, kwa kawaida wakipitia idara tatu.

Heko zangu, hata hivyo, nampa kocha wa kazi anayewafundisha vijana hao. Yeye huikata kazi vipande vidogo: soma lebo, tazama tarehe, cha zamani mbele, kipya nyuma. Humzoesha kijana njia ya basi. Humweleza msimamizi kwamba “changamka kidogo” si maelekezo. “Maliza kabla ya saa sita” ndiyo maelekezo. Kisha hujiondoa taratibu, mpaka kijana abaki na toroli lake.

Katika njia ya kawaida ya kutafuta kazi, usaili ndio huwaangusha wengi wao: kumkazia mgeni macho na kujisifu, mambo yasiyohusiana kabisa na kupanga sindano. Miezi kadhaa kazini humwonyesha mwajiri mengi zaidi.